Mtungo bila mifupa hausimami

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi watadhani ni la walimu na wanafunzi tu: namna ya kutunga insha ya shule, ile inayoitwa disertasio. Msigeuze ukurasa upesi. Jambo hili linagusa mfuko wa kila mzazi anayelipia watoto shule. Linagusa vilevile akili ya kila Mkristu anayesikiliza hotuba au kusoma karatasi iliyopigwa chapa. Nami nasema wazi tangu mwanzo: namna tunavyowafundisha vijana wetu mtungo huo ni mbaya. Tusipoibadili, tutazidi kupata watu wenye diploma wasioweza kutetea neno moja la kweli.

Tuone kwanza hali ilivyo. Katika Kongo yetu, kijana anayemaliza shule ya sekondari hufanya Mtihani wa Serikali. Mbele ya siku za mtihani wenyewe, anaandika kwanza disertasio kwa Kifaransa. Anapewa swali la kufikiri, naye anatakiwa kuandika kwa taratibu: utangulizi, maelezo, mwisho. Kila nyumba yenye kijana wa mwaka ule inajua uzito wa siku hiyo.

Sasa vijana wanajitayarisha namna gani? Wengi wanakariri. Kuna daftari linalopita toka mkono hata mkono, na ndani yake mna utangulizi uliokwisha kuandikwa, unaofaa kwa kila swali la dunia. Unaanza zamani za kale, tangu binadamu alipoumbwa. Unapita kwa wenye hekima wa Ugiriki. Halafu pameachwa nafasi tupu, kusudi kijana atie neno la swali la siku ile. Swali likiwa juu ya amani, atatia amani. Likiwa juu ya kilimo, atatia kilimo. Mwisho nao umekwisha kukaririwa. Katikati ataandika sehemu tatu: ya kwanza inasema ndiyo, ya pili inasema siyo, ya tatu inasema nusu ndiyo na nusu siyo. Kazi imekwisha, kijana anaweka kalamu chini.

Wako walimu wanaosifu kazi ya namna hiyo. Wanasema: «Mpango upo, sehemu tatu zipo, mistari imenyooka.» Ndugu walimu, nawaheshimu, maana najua mshahara wenu na wingi wa watoto katika darasa moja. Lakini niruhusuni niwaulize: kijana huyu amesema nini? Mtu akisoma karatasi yake yote, atajua kijana anakubali nini na anakataa nini? Hatajua. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tunalipa fedha ili watoto wafundishwe kuvuma.

Kosa liko wapi? Mpango umegeuzwa kuwa sanduku. Kijana anadhani kazi yake ni kujaza sanduku. Lakini sehemu za mtungo hazikutungwa kwa kujazwa. Zilizaliwa barazani, mbele ya waamuzi. Watu wa Ugiriki na wa Roma, mtu alipotaka kutetea mali yake au maisha yake, alilazimika kusema kwa taratibu. Cicero, mwanasheria mkubwa wa Roma aliyeuawa mwaka 43 mbele ya Kristu, alifundisha taratibu hiyo: kufungua masikio ya wasikilizaji, kueleza shauri lilivyotokea, kuonyesha neno linalobishaniwa, kuleta sababu, kubomoa sababu za adui, kisha kufunga. Kila sehemu ilikuwa na kazi yake, kwa maana mtu mmoja alikuwa anangoja hukumu. Shule za Ulaya zilishika mafundisho hayo miaka mingi katika Kilatini. Katika karne ya 19, shule za Ufaransa ziliacha hotuba ya Kilatini na kuweka disertasio mahali pake. Mtungo huo ulifika kwetu pamoja na shule za wamisionari na za Wabelgiji. Basi tumepokea mwili wa kitu, lakini roho yake, yaani mtu anayetetea neno mbele ya mwamuzi, tumeiacha njiani.

Hapa watasimama watu wa upande mwingine. Hao wanasema: «Mpango huo wote ni desturi ya Wazungu. Mwafrika husema kwa mifano na methali. Mwacheni kijana aandike kadiri moyo unavyomtuma.» Neno hili ni tamu, tena lina kipande cha ukweli, kwani methali moja ya wazee inaweza kubeba sababu nzima kwa maneno matano. Lakini nendeni mkakae na wazee siku ya shauri la shamba. Je, kila mtu husema kadiri moyo unavyomtuma? Hasha! Mzee anauliza kwanza: shauri ni nini? Mwenye kushtaki anasema mpaka amalize, na anayemkata maneno anakaripiwa. Halafu mwenye kushtakiwa anajibu. Shahidi anaulizwa: uliona kwa macho yako, ama ulisikia kwa watu? Wazee wanakwenda kando. Wakirudi, mmoja anatamka hukumu na sababu zake, tena anamgeukia aliyeshindwa na kumweleza kwa nini neno lake halikushinda, ili asirudi nyumbani na kinyongo. Ule ni mpango, ndugu zangu, na hakuna Mzungu aliyewaletea wazee wetu. Anayemwambia kijana kwamba taratibu ni ya wageni anamnyang'anya urithi wa babu zake.

Sisi Wakatoliki tunaye shahidi mwingine, Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274. Wanaopita seminarini wanakijua kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae. Kila kipande chake kimejengwa namna moja. Kwanza linakuja swali. Halafu zinakuja sababu za wale wanaopinga fundisho analotaka kulitetea. Baadaye linakuja neno la upande mwingine, mara nyingi toka Maandiko Matakatifu au toka Mababa wa Kanisa. Ndipo Tomaso anasema jibu lake mwenyewe na sababu zake. Mwisho anarudi kwa wapinzani na kuwajibu mmoja mmoja. Msomaji ataona kwamba njia hiyo inafanana sana na baraza la wazee wetu.

Chukueni pahali anapouliza kama Mungu yuko. Mtu angedhani padri mtakatifu ataanza na sifa za Mungu. Sivyo. Anaanza na neno zito kuliko yote ambalo wasioamini wanaweza kulisema: kama Mungu ni mwema pasipo mpaka, isingaliwezekana uovu uonekane duniani, lakini uovu unaonekana. Anaongeza la pili: mambo yote ya dunia yanaweza kuelezwa kwa nguvu za asili na kwa akili na mapenzi ya watu, basi Mungu ni wa kazi gani? Halafu analeta neno ambalo Mungu alimwambia Musa katika kitabu cha Kutoka. Ndipo anaonyesha njia zake tano za kujua kwamba Mungu yuko, na baada ya hizo anajibu yale mawili. Je, mtu huyu aliogopa? Aliyempa adui yake kiti cha kwanza, na kumwacha aseme neno lake kwa nguvu zote, hakuwa mwoga. Linganisheni sasa na daftari lile la kukariri. Sehemu ya «siyo» huandikwa mle kwa sababu mwalimu ametaka sehemu tatu, wala hakuna mtu aliyeisikia ikimwuma moyoni.

Mtaniambia: huyo ni mtakatifu wa Ulaya wa zamani. Vema, natoa mfano wa kwetu. Tarehe 29 Januari 1960, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mji uliokuwa ukiitwa Léopoldville, mwanafunzi mmoja alisimama kubishana na mkuu wa kitivo chake cha teolojia. Mwanafunzi alikuwa Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi katika Katanga. Mkuu wake alikuwa padri Mbelgiji, Alfred Vanneste. Shauri lilikuwa hili: je, yawezekana kuwa na teolojia yenye sura ya Kiafrika? Tshibangu alisema yawezekana, kwa maana Waafrika wana namna zao za kufikiri na kuishi, nazo zinaweza kusaidia kueleza imani. Vanneste alijibu kwamba ukweli ni wa watu wote, na kwamba teolojia itafute kwanza kuwa teolojia ya kweli. Maneno yao yalipigwa chapa mwaka ule ule, na hata leo wanateolojia wa Afrika wanayasoma. Kwa nini yanasomwa? Kwa sababu kila mmoja alisema wazi analoshika, akatoa sababu, akalijibu neno la mwenzake. Kijana hakumtukana mkuu wake, wala hakumficha kwamba anamkataa. Baadaye alikuwa mkuu wa chuo kile kile, tena askofu. Nawauliza: kama angaliandika nusu ndiyo na nusu siyo, nani angalimkumbuka?

Basi tufanye nini? Mimi nasema kijana ajifunze kwanza kuitambua mifupa katika maandiko ya wengine, kisha ajenge yake. Seremala hamfundishi kijana kazi kwa kumwambia tu kwamba kiti kina miguu minne. Anampa kiti cha zamani akifungue, aone mbao imeingiaje katika mbao. Shuleni tunafanya kinyume: tunahesabu miguu ubaoni, halafu tunamwambia mtoto atengeneze kiti.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 17, pale Mtakatifu Paulo anaposema na watu wa Atene. Twaa kalamu ya risasi. Kando ya kila kipande, andika kwa maneno machache kipande hicho kinafanya kazi gani. Utaona hivi. Kwanza Paulo anashika kitu chao wenyewe, ile altare waliyomjengea mungu wasiyemjua. Juu ya altare hiyo anaweka habari yake: huyo msiyemjua, ndiye ninayewahubiri. Halafu analeta sababu: aliyeumba vyote hakai katika nyumba zilizojengwa kwa mikono ya watu, wala hahitaji kutunzwa nao. Anaita mashahidi, na mashahidi hao ni watunga mashairi wa Wagiriki wenyewe. Anatoa matokeo: basi haifai kudhani kwamba Mungu anafanana na dhahabu au jiwe. Mwisho anawaita watubu, na kuwatangazia ufufuko. Soma sasa maneno yako ya kando, moja baada ya moja. Yakishikana kama viungo vya mnyororo, mifupa ipo. Ukiweza kuondoa kimoja na mengine yasitikisike, kile hakikuwa mfupa.

Tazameni tena utangulizi wa Paulo. Je, angaliweza kuutumia Yerusalemu, mahali pasipo altare ile? Hata kidogo. Hicho ndicho kipimo ninachowapa: utangulizi wa kweli haufai kwa swali lingine lolote. Ule unaofaa kwa maswali yote haufai kwa hata moja. Angalieni vilevile mwisho wa habari: wengine walimcheka, wengine walisema watamsikiliza siku nyingine, wengine waliamini. Maneno yaliyopangwa vema hayamlazimishi mtu. Yanamwonyesha tu mahali pa kukubali na mahali pa kukataa.

Baada ya kutambua, kijana ajenge. Tutwae swali ambalo kila parokia inalijua: je, mahari inaharibu ndoa? Kijana wa daftari ataandika kwamba tangu zamani binadamu alioa, kisha mahari ni nzuri, kisha mahari ni mbaya, kisha mahari ni nzuri na mbaya. Mwenye kujenga ataanza kwa kuyapima maneno. Mahari ni nini: ni alama ya mapatano ya jamaa mbili, ama ni bei? Kuharibu ndoa ni nini: ni kuizuia isifungwe, ama ni kuitia sumu baada ya kufungwa? Akishapima, ataona ugumu: kitu kile kile kinachofunga jamaa mbili kinawafanya vijana wengi waishi pamoja bila sakramenti, wakingoja fedha isiyopatikana.

Hapo ataandika jibu lake kwa sentensi moja, mbele ya kuandika kitu kingine chochote. Kwa mfano: «Mahari inaharibu ndoa siku ile wazazi wanapoigeuza kuwa bei.» Sentensi hiyo ndiyo uti wa mgongo. Sasa atafute sababu. Ya kwanza: mali ikiwa alama, hata mbuzi mmoja anatosha kuonyesha kwamba jamaa zimepatana. Ya pili: ikiwa bei, mume atamwona mke kama kitu alichonunua, na mke akipigwa atashindwa kurudi kwao, maana wazazi wataogopa kudaiwa. Halafu ampe mpinzani kiti chake, kama alivyofanya Mtakatifu Tomaso. Mpinzani atasema: mali nyingi inamlinda mke, kwa maana mtu hatupi ovyo kitu kilichomgharimu. Neno hilo lina nguvu, asilipite mbio. Anaweza kujibu hivi: kinachotunzwa kwa ajili ya gharama yake hutunzwa kama mali, na mke si mali. Mwisho asirudie tu yale aliyokwisha kusema. Aseme linalofuata toka jibu lake: kwamba jamaa zipatane kiasi kidogo, au kwamba wakubwa wa parokia waseme na wazazi mbele ya uchumba kwenda mbali. Mwingine anaweza kujibu kinyume, nami nitampa alama nzuri vilevile, kama uti wa mgongo upo.

Ile «nusu ndiyo, nusu siyo» naikataa kabisa. Mwamuzi anayewaambia wagombanaji wote wawili kwamba wana haki amewarudisha nyumbani pamoja na ugomvi wao. Sehemu ya tatu ya disertasio ni mahali pa kuhukumu. Kama pande zote mbili zina ukweli, kijana aseme ni ukweli gani, kwa mpaka gani, na kwa sababu gani.

Najua neno jingine litakaloletwa. Siku hizi simu inaweza kumwandikia mtoto mtungo mzima kwa dakika moja, bila kosa la herufi. Basi taabu hii yote ya nini? Najibu: kwa sababu hiyo taabu hii imekuwa ya lazima zaidi. Kama maneno mazuri yanapatikana bure, atakayedanganywa kwanza ni yule asiyejua kuuliza sababu iko wapi. Mhubiri anayepita na kuahidi utajiri kwa wenye kutoa sadaka kubwa, mtafuta kura anayepiga kelele uwanjani, karatasi ya chuki inayopita katika simu, wote wana maneno mazuri. Mwenye kuzoea kutafuta mifupa atauliza: huyu anashika neno gani? Sababu yake ni ipi? Kwa nini hamtaji anayempinga? Shule isiyowafundisha vijana maswali hayo imewaacha uchi mbele ya waongo.

Tena angalieni barua zinazotungwa katika vijiji vyetu. Watu wanataka daraja litengenezwe. Wanaandika kwa mkubwa wa serikali kurasa mbili za salamu na sifa, na neno la daraja linaonekana chini kabisa, bila kusema liko mto gani, lilivunjika lini, watoto wangapi hawavuki kwenda shule. Mkubwa anasoma juu juu, anaiweka kando. Kukosa mpango kumewakosesha daraja.

Walimu, nawaomba mambo mawili. Msipokee mtungo mpaka mwanafunzi awaonyeshe kwanza jibu lake kwa sentensi moja. Tena utangulizi wa kukariri upewe sifuri, hata kama Kifaransa chake kinang'aa. Kufungua andiko moja ubaoni kila juma, pamoja na watoto, hakuhitaji vitabu vya bei kali.

Na ninyi wazazi, msiseme: «Sisi hatukusoma, hatuwezi kusaidia.» Jioni mtoto akirudi na mtungo wake, mwulizeni kwa Kiswahili maswali manne: Umeulizwa nini? Umejibu nini? Kwa sababu gani? Anayekukataa anasemaje, nawe unamjibu nini? Mama asiyejua herufi moja anaweza kuyauliza, kwa maana mifupa ya mtungo haina lugha. Mtoto akiweza kujibu kwa lugha ya nyumbani, Kifaransa kitapata mahali pa kusimama. Asipoweza, mrudisheni mezani hata kama kurasa zimejaa, wala msimwonee huruma. Asiyejua analotaka kusema bado hajaanza kuandika.